Maisha ya Mama Viporo, Aliyetaka Mlango wa Barabarani

Familia iliomba wasifu huu uwe mfupi na wa upole. Mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyeuandika na ndiye anayeusoma, amejitahidi kwenye ufupi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Viporo, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, seremala. Mama yao alikuwa dobi wa hospitali. Marehemu alikuwa kifungua mimba, na alilijua hilo vizuri. Wadogo zake wawili walilelewa kwa amri zake kabla hawajazisikia za wazazi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964. Alipofika la nne alichonga uso wa mwalimu wa hesabu kwenye dawati kwa ncha ya bikari, ukafanana kupita kiasi. Mwalimu mkuu akaamuru apige msasa madawati yote ya darasa, na baba akaitwa. Watoto walijua leo kazi ipo. Baba akaingia, akapitisha kiganja juu ya dawati, akamwambia binti yake kwamba anapiga msasa kinyume cha nyuzi za mbao. Akamwonyesha inavyotakiwa, akarudi kazini. Marehemu alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1978, somo la sanaa, akafundisha miaka kumi na mitano.

Mwaka 1983 aliolewa na fundi bomba aliyekuja kutengeneza bomba la shuleni. Bomba lilipona siku ya kwanza. Fundi alirudi mara tatu zaidi kuliangalia, na hakuna aliyemuuliza, maana walimu wote walikuwa wanachungulia dirishani. Walijaliwa binti na mwana. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2009, na marehemu alimlilia mpaka sauti ikakauka, kisha Jumamosi iliyofuata akaenda kazini.

Sasa tufike kazini, maana hapo ndipo penye maneno.

Mwaka 1993 aliajiriwa na Makumbusho ya Sanaa. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni na kuwaambia wasiguse. Aliifanya miaka mitatu, na kila jioni alirudi nyumbani amenuna. Ndipo akaomba stoo ya chini iliyojaa makasha yaliyovunjika, pale pawe chumba cha watu kuchora, kushona na kufinyanga, bila kuandikishwa, bila kuulizwa wametoka wapi. Alishikilia jambo moja tu: chumba kiwe na mlango wake wa barabarani. Alikuwa ameona watu wakifika kwenye ukumbi wa mbele, mlinzi akawatazama viatu, wakageuza. Mkurugenzi wa wakati huo alikubali ili apate kupumua. Chumba kilifunguliwa Jumamosi tarehe 7 Septemba 1996.

Sharti la chumba mnalijua. Mtu akiingia, kabla hajaanza kazi yake, anakwenda kwenye rafu ya viporo, anachukua kazi iliyoachwa nusu na mtu asiyemjua, anaiongezea kitu. Dereva wa lori alishona mkono wa sweta lililoanzwa na mjane. Muuguzi alipaka anga juu ya nyumba iliyochorwa na mfungwa aliyetoka wiki ile. Kuna chungu kilipita mikono ya watu kumi na wanne, kikatoka kibaya kweli kweli, na marehemu alikipenda kuliko vyote. Wapo humu leo waliooana kwa sababu mmoja alikamilisha kikapu cha mwenzake. Alistaafu mwaka 2017, na bado kila Jumamosi alikuwa pale.

Ijumaa tarehe 3 Februari 2023 Mkurugenzi wa sasa alikifunga chumba. Alisema panahitajika ukumbi wa hafla. Marehemu hakuitwa, hakuandikiwa. Alisikia kwa mlinzi wa zamani, aliyempigia simu huku analia. Mlango wa barabarani ulijengewa ukuta wiki hiyo hiyo. Marehemu aliandika barua nane. Saba hazikujibiwa. Ya nane ilijibiwa kwa mstari mmoja, akishukuriwa kwa maoni yake. Miaka ishirini na sita na ushee wanaiita maoni.

Mwezi wa Aprili mwaka huo daktari alisema moyo wake umepanuka. Mdogo wake alimshauri aachane na watu wale, ajitunze. Mdogo wake huyo anajuta ushauri ule hadi leo, na amelisema mbele yenu ili lisibaki kooni.

Mwaka huu Makumbusho wakafanya onyesho la kumuenzi. Wakavitoa viporo stoo, wakavitia kwenye makabati ya kioo, kila kimoja na namba yake. Wataalamu wa sanaa wenye vyeti vyao walitazama sweta lenye mkono mmoja wasione kwamba linamsubiri mtu. Jumanne tarehe 11 Juni 2024 marehemu alikwenda, mdogo wake kamshika mkono. Akakuta kabati moja halijafungwa. Akatoa kitambaa kilichotariziwa nusu, akatoa sindano mkobani, akakaa kwenye benchi akaanza kushona. Mlinzi mgeni akaja mbio.

"Mama, samahani, hivi haviguswi."

"Mwanangu, ukivilinda hivyo hakuna atakayevimaliza."

Kijana wa watu alikuwa na amri yake. Alimnyang'anya kwa adabu, akamsindikiza hadi nje, kupitia ukumbi wa mbele. Alipofika nyumbani alilala na viatu, na tangu siku hiyo hakutembea tena peke yake.

Septemba alikuja nyumbani fundi mwashi, mmoja wa watu wa Jumamosi. Aliisukuma chai kando. Akasema ni yeye aliyejenga ukuta ule. Alipewa kibarua, akaonyeshwa sehemu kwa ndani, akaitambua wakati tofali zimeshafika kifuani, akamalizia hivyo hivyo. Familia ilitaka kumtoa. Marehemu alimuuliza, "Umejenga vizuri?" Akajibu, "Vizuri, mama." Akamwambia, "Basi na kubomoa utabomoa vizuri." Marehemu akacheka mpaka nesi aliyemhudumia nyumbani akaja.

Alifariki Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, wodi ya wanawake, akiwa na miaka sitini na saba. Mkurugenzi ameiandikia familia barua nzuri, ya kurasa mbili safari hii. Anaomba ukumbi wa hafla upewe jina la marehemu. Familia imekaa, watoto wake wamesema, na jibu ni hapana. Jina lake halitabandikwa ukutani na watu waliomtoa nje. Kama Makumbusho wanamheshimu, wabomoe ukuta na wavitoe viporo kwenye vioo. Fundi mwashi yupo tayari Jumamosi saa tatu asubuhi, na amesema tofali zile hazifiki adhuhuri.

Marehemu ameacha binti na mwana, wajukuu watano, mdogo wa kiume, mdogo wa kike anayesoma haya, na watu wa Jumamosi ambao hakuna aliyewahi kuwaandikisha.

Tumeambiwa Mkurugenzi atakuwepo leo. Dada yetu apumzike kwa amani. Bwana Mkurugenzi, tunaomba jibu kabla hatujashika koleo.