Bi. Bonifasia Kapinga na Nyumba Iliyohesabiwa Ghorofa

Bi. Bonifasia Kapinga aliripoti kazini katika idara yetu ya ardhi tarehe 1 Julai 1991, akiwa na barua ya ajira ndani ya bahasha ya kaki. Anakabidhi ofisi tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne, akiwa na umri wa miaka sitini, afya njema, na goti la kulia linalouma. Lawama za goti hilo anazipeleka kwenye vilima vya Mbinga, nasi hatuna ushahidi wa kumpinga.

Alizaliwa Maguu, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa. Alianza kama karani wa masijala. Baada ya miaka minne alipelekwa Tabora kusomea mambo ya ardhi, na aliporudi akakabidhiwa utepe wa kupimia wa mita thelathini na eneo kubwa mno kwa mtu mmoja: kutoka milima ya Umatengo hadi nyumba za ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wakati ule gari la ofisi lilikuwa moja, na mara nyingi lilikuwa juu ya mawe. Bi. Bonifasia alipanda malori ya mahindi, pikipiki za wamisionari, na siku moja trekta.

Wazee wa milimani walimpenda kwa sababu aliwaamkia kabla ya kufungua faili, na aliwaeleza kwa Kimatengo kile ambacho fomu ilikuwa inasema kwa Kiswahili cha serikali. Huko ziwani Kinyasa chake kilikuwa cha kubahatisha. Liuli wanakumbuka jinsi alivyotandaza utepe kando ya ukuta wa bibi mmoja mgonjwa, na bibi yule akawaita wajukuu zake, akilalamika kwamba seremala wa majeneza amekuja mapema. Bi. Bonifasia alikaa naye hadi jioni, wakala ugali kwa usipa, wale dagaa wa ziwani, na nyumba ikapimwa kesho yake.

Kisa cha rangi nacho hakiachwi. Mwaka wa kwanza wa kuhesabu majengo ya mjini, alipewa kopo la rangi nyekundu ya kuandikia namba ukutani. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umetoka nje ukiwa na hofu, maana kwetu alama nyekundu ukutani ina maana moja tu, nayo ni kubomolewa. Baba mmoja alikuwa ameshaanza kung'oa mabati yake ili ayaokoe. Tangu siku hiyo namba zote katika mji huu huandikwa kwa bluu, na wageni wanaouliza sababu tunawaelekeza kwake.

Hata hivyo, kazi anayoiona yeye mwenyewe kuwa kubwa ni ya mwaka 2023, nayo ilianza kwa barua ya pingamizi.

Barua ile iliandikwa na Bi. Mwanahamisi Masoudi, mjane anayeuza samaki wa ziwani. Mbasa na magege humfikia kutoka Liuli wakiwa kwenye barafu, naye huwahifadhi ndani ya friza sebuleni kwake. Nyumba aliachiwa na mumewe, aliyekuwa mnunuzi wa kahawa. Kama wengi wajuavyo, siku hizi kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na nyumba ya ghorofa hutozwa zaidi ya nyumba ya kawaida. Kwenye kumbukumbu, nyumba ya Bi. Mwanahamisi ilikuwa ghorofa. Kwa zaidi ya mwaka makato yalikuwa makubwa kuliko uwezo wake, malimbikizo yakaongezeka, ikafika mahali ananunua umeme wa wiki nzima na kupata uniti za kuwasha taa siku mbili. Friza lilizima. Samaki waliharibika mara ya kwanza, wakaharibika mara ya pili, na wavuvi wakaanza kumpelekea mzigo mtu mwingine. Dalali alishafika kuitazama nyumba.

Barua yake ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja: jengo lilihakikiwa na mtaalamu likaonekana lina sakafu mbili. Akaandika ya pili. Hiyo ndiyo iliyomfikia Bi. Bonifasia, naye akaenda masijala kutafuta fomu ya uhakiki ili amjue huyo mtaalamu.

Mwandiko ulikuwa wake.

Bwana Raimundi Nchimbi, mkuu wa masijala, ndiye aliyekuwepo. Anasema Bi. Bonifasia aliisoma fomu akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena. Tarehe ilikuwa ya Machi 2021, wiki ya mvua kubwa. Akakumbuka. Nyumba ile iko kwenye mteremko mkali: ukiitazama kutoka barabara ya juu ni nyumba ya kawaida, lakini kutoka barabara ya chini unaona msingi mrefu wa mawe wenye mlango. Siku ile alipita barabara ya chini, juu ya pikipiki, koti likichuruzika maji. Akaandika ghorofa. Alikusudia kurudi jua likiwaka, asirudi.

Bwana Raimundi alimshauri kwa nia njema. Alimkumbusha kwamba amebakiza miaka miwili astaafu, na kwamba doa kwenye faili wakati huu halina faida kwa mtu yeyote. Siku hizi kosa likitokea husingiziwa mfumo wa kompyuta, na mfumo haukasiriki. Aandike tu kwamba taarifa ziliingia vibaya, mama yule arekebishiwe, mambo yaishe.

Bi. Bonifasia alimjibu, "Kaka, mfumo haukunyeshewa mvua. Niliyenyeshewa ni mimi."

Jioni hiyo hiyo alikwenda nyumbani kwa Bi. Mwanahamisi, kwa sababu hakutaka asikie habari hizo kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Alimkuta anakausha usipa kwenye mkeka, biashara pekee isiyohitaji umeme. Alimweleza yote bila kupunguza. Bi. Mwanahamisi aliwageuza usipa wake, kisha akauliza.

"Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nabishana na wewe?"

"Ndiyo, mdogo wangu. Na haki ilikuwa yako."

Hakumkaribisha ndani, na Bi. Bonifasia hakutegemea kukaribishwa. Usiku ule, ametusimulia, aliogopa kuliko siku yoyote ya utumishi wake. Aliogopa barua ya kinidhamu, aliogopa kwa ajili ya mafao yake, na zaidi aliogopa kwamba kamati ingeweza kusema fomu ni fomu, na kukataa.

Kamati ya mapingamizi ilikaa Alhamisi chini ya Bwana Meshack Hyera. Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao. Wajumbe walikuwa wameshaanza kusema kwamba uhakiki uliofanywa na mtaalamu hautenguliwi kwa barua ya mlalamikaji. Ndipo Bi. Bonifasia aliposimama, fomu mkononi.

"Mwenyekiti, mtaalamu huyo ni mimi. Sikushuka kwenye pikipiki. Niliandika kuhusu nyumba ambayo sikuiingia. Naomba twende tukaione nyumba leo."

Mjumbe mmoja aliuliza kama anaelewa kwamba anachokisema kitaingizwa kwenye kumbukumbu. Alijibu kwamba anaelewa, na akasubiri nimalize kuandika.

Tulikwenda saa tisa, watu saba, kwa miguu. Bi. Mwanahamisi alifungua ule mlango wa chini. Bwana Meshack, ambaye ni mrefu kuliko sisi wote, alitangulia na kugonga paji la uso kwenye boriti. Aliinama, akaendelea kuinama, mwisho akapiga magoti. Ile "sakafu ya pili" ilikuwa stoo ya marehemu ya kuwekea magunia ya kahawa, yenye kimo cha kifua cha mtu, haina dirisha, haina sakafu hata moja ila udongo. Bi. Bonifasia aliingia na utepe, akapima kimo mara tatu katika sehemu tatu, akasoma vipimo kwa sauti. Bwana Meshack alitoka huku akijipangusa magoti na kusema kwamba kamati imeridhika, na kwamba kama kuna mjumbe mwenye shaka, mlango uko wazi. Hakuna aliyeingia.

Marekebisho yalichukua wiki tatu kupita katika ofisi zote zinazohusika. Bi. Bonifasia aliifuata karatasi ile meza hadi meza. Malimbikizo yakafutwa. Asubuhi ya Jumatatu simu yake iliita akiwa kwenye korido. Bi. Mwanahamisi hakusalimia. Alisema tu, "Dada, sikiliza," kisha akasogeza simu kwenye friza, na mngurumo wake ukasikika hadi kwetu tuliokuwa karibu. Bi. Bonifasia alikaa kwenye benchi la wageni, akaegemea ukuta, akafumba macho na kushusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu siku ile ya masijala. Kisha akacheka, machozi yakimtoka, na wageni wawili waliokuwa hapo wakasogea kumpa nafasi.

Barua ya onyo alipewa, na aliipokea kwa mikono miwili. Mafao hayakuguswa. Kisha akachukua orodha ya nyumba zote alizozihakiki wiki ile ya mvua, ishirini na tatu, akazirudia moja moja siku za Jumamosi kwa nauli yake. Nne zaidi zilikuwa na kosa lile lile. Wenyewe hawakuwahi kulalamika, kwa sababu hawakujua kwamba inawezekana kulalamika. Leo nyumba zote ziko sawa, na utaratibu wa idara unamtaka mhakiki apite pande zote za jengo na aingie ndani. Kuhusu Bi. Mwanahamisi, wamekuwa watu wa kutembeleana. Amealikwa leo kwenye hafla hii ya kumuaga Bi. Bonifasia, na samaki mliowala mchana wametoka kwake.

Tulipomwomba Bi. Bonifasia aseme angependa tuandike nini, tulitegemea ataje cheti chake cha mfanyakazi hodari cha mwaka 2009. Alisema cheti tukiache, tuandike kosa lake, tena tuliandike lote. Anastaafu akiwaachia ofisi watu wanaoanza kazi, na hataki waanze wakiamini kwamba kuna aliyefika miaka thelathini na minne bila kukosea.

Tumeliandika, dada yetu, kama ulivyotaka. Asante kwa kila mlango ulioinama ukaingia. Nenda Maguu ukapumzishe goti, kahawa yako ikomae vizuri, na Mungu akupe miaka mingi ya usingizi mzito kama ule uliotuambia uliupata usiku wa Jumatatu ile, friza liliporudi kunguruma.