Hukubisha Hodi

Treni ya asubuhi ilikuwa imeshika mwendo. Muuguzi mmoja alikuwa akisoma kwenye simu, kwa mara ya kumi, barua pepe aliyomwandikia mkuu wa idara akiomba uhamisho ili akamuuguze mama yake aliyepooza. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila jibu, na sasa alikuwa amekata shauri kwenda kumwona mkuu huyo mwenyewe.

"Hebu nisomee," alisema mzee wa kiti cha pili, karani mstaafu, ambaye macho yake yalishafika kwenye simu ile kabla ya salamu.

Akamsomea.

"Mwanangu, hukubisha hodi! Hukumwamkia, hukumuuliza habari za nyumbani. Umeingia moja kwa moja hadi chumbani na shida zako."

"Baba, hiyo ni barua pepe. Tumefundishwa tuandike kwa ufupi."

"Aliyekufundisha si yeye. Mimi nilimfungulia mkubwa wangu barua miaka ishirini. Alipotaka kukataa, hakujibu. Kumwandikia mtu 'hapana' aliona ni kama kumtukana. Alimngoja aje, amkalishe, amweleze taratibu."

"Kwa hiyo kimya cha mkuu wangu ni hapana?"

"Au anakungoja."

"Na mama naye angoje? Na wale wasio na nauli ya kuja kukalishwa, wao huambiwa na nani?"

Treni ikasimama. Mzee akavuta magoti ampishe ashuke.

"Nenda, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila hilo swali, mwulize na yeye."