Mama Shanga Anastaafu, Bomba Lake Lisizimwe

Msomaji, nakuomba sana: ukimaliza karatasi hii ikunje, itie mfukoni, na usimdokezee mhusika hata neno moja. Yeye atapewa nakala yake siku ya kumuaga, bila mistari ya mwisho. Akiyajua haya mapema, mimi karani wa bohari ndiye nitakayestaafu.

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa maabara yetu anapumzika. Jina lake rasmi wengi hawalijui. Tunamwita Mama Shanga.

Alipoajiriwa, kiwanda kilikuwa tayari kinatengeneza sukari changamano, zile zinazofanana na za maziwa ya mama na kutiwa kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga. Vimeng'enya, zile protini zinazofanya kazi ya kuunganisha, viliagizwa kwa bei ya kutoa machozi, vikamiminwa kwenye pipa la sukari ya maziwa, vikaunganisha sukari ndogo ndogo kuwa kubwa, kisha vikaishia mtaroni. Kila pipa, vimeng'enya vipya. Ni yeye aliyeuliza kwa nini seremala afukuzwe kila anapomaliza kiti kimoja.

Akavinasisha kwenye chembe ndogo mfano wa shanga, akazijaza ndani ya bomba la kioo lenye kimo cha mtu. Sukari hupita, vimeng'enya hubaki. Bei yetu ikashuka hadi viwanda vidogo vya maziwa vikaanza kununua.

Kisha ukatokea ule mkasa. Wasafishaji wapya, kwa nia njema kabisa, walilisuuza bomba kwa maji ya moto yanayochemka, kama sufuria. Vimeng'enya vyote vikafa. Mama Shanga akashusha miwani, akasema, "Wanangu, mmenipikia wafanyakazi wangu." Halafu akawaandalia chai na kuwafundisha upya. Tangu hapo kila asubuhi huligusa bomba kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa ya mtoto, na kuliuliza, "Umeamkaje, mzee?" Tulimcheka sana. Siku hizi nasi tunalisalimu.

Lakini mwezi huu anacheka nusu nusu. Mkurugenzi alitamka kwamba akiondoka yeye, bomba lizimwe na turudi kwenye mapipa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulilea.

Asichokijua Mama Shanga ni hiki: alipokuwa likizo, mafundi wa zamu walililea wenyewe, na sukari ikatoka safi. Mkurugenzi akaja, akapima, akapima tena, akakuna kichwa. "Haya, mmenishinda," akasema. "Ila nataka mtu kila zamu, hata Jumapili. Ikikosa mtu zamu moja tu, nazima."

Mama Shanga, umelilea bomba na umetulea sisi. Ahsante. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe, wajukuu wakuchoshe kwa vicheko, na mkono wako usipime joto la kitu chochote isipokuwa kikombe chako cha chai.

Wenzangu, zamu zote zimepata watu isipokuwa ya Jumapili asubuhi. Anayeitaka aje kwenye dirisha la bohari kabla ya Ijumaa, aulize glavu ndogo, nitaelewa. Tafadhali asipige simu. Bohari na maabara tunatumia laini moja, na siku zote anayewahi kupokea ni Mama Shanga mwenyewe.