Kiherehere Haombi Radhi

Niinueni kidogo. Siyo hivyo, jamani, mimi si gunia la mkaa! Wewe daktari wa meno nishike mgongoni, na wewe mhasibu lete ule mto mgumu. Haya. Dirisha liacheni wazi, mvuke wa pasi za dukani nimeuvuta tangu utotoni na haujaniua, hauwezi kuanza leo. Sasa kaeni, kila mtu akae, isipokuwa huyo aliyesimama mlangoni, ndugu yangu, baba yenu, ambaye ameapa kwamba hakai mpaka binti aombe radhi. Mwacheni asimame. Miguu ni yake.

Sikilizeni, wanangu. Nawaita wanangu ingawa tumbo hili halikuzaa, kwa sababu shangazi naye ni mzazi, na nyote wawili nimewafulia nepi. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima, siwezi kuipoteza kwa kubembeleza watu. Najua mmekuja kusikia nani anapata hili duka la dobi na nyumba iliyo nyuma yake, na mtasikia. Lakini naanza na la binti, nalisema mapema ili hata nikikatika katikati asije mtu akadai kwamba shangazi hakumaliza: Kiherehere haombi radhi. Hapigi magoti mbele ya mtu, daftari lake halichomwi, na shule haachi.

Mhasibu, unakunja uso. Wewe ulikuwa safarini, habari umeletewa ikiwa imeshapikwa na kutiwa chumvi. Ngoja nikupe mbichi.

Huyu binti anayekaa miguuni pangu ni wa marehemu mdogo wetu, kitinda mimba, na tangu baba yake afariki amelelewa humu, baina ya ubao wa pasi na kamba za kuanikia. Mnamwita Kiherehere kwa kuwa anauliza. Nami nilimwacha aulize, kisha nikaona kuuliza hovyo ni kama kufua bila kuchambua nguo, rangi zote zinaingiliana, basi nikaamua kumfundisha. Kuna mjane mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alipohama mji aliniachia sanduku la vitabu vya marehemu mumewe, vyote vya maisha ya watu: nahodha, mkunga, mwanariadha, mfalme aliyepinduliwa akaishia kufuga nyuki. Nilikuwa nimevisoma vyote nikiwa nimesimama, pasi mkono huu, kitabu mkono huu. Nikampa kimoja kimoja.

Cha mwanariadha alikimaliza kwa siku mbili, akaja anajitapa, "Shangazi, nimemaliza!" Nikamwuliza, mama yake mwanariadha alikuwa anafanya kazi gani? Akapekua kurasa. Nikamwuliza tena, siku aliyoshindwa mbio zake za kwanza, aliporudi nyumbani nani alimfungulia mlango? Akacheka, akasema, "Shangazi nawe! Hayo nayo ni mambo ya kusoma?" Nikamwambia ndiyo hayo hasa. Kombe limechorwa juu ya jalada, na mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nataka unitafutie mlango, na aliyeufungua. Rudia kitabu.

Alirudia, amenuna. Na alinuna zaidi nilipompa daftari, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kusoma ni mali vilevile. Nikamwambia asome sura moja tu, afunge kitabu, anisimulie kwa mdomo wakati nakunja mashuka, ndipo aandike. Upande wa kulia aweke kilichosemwa, kwa maneno yake mwenyewe, na namba ya ukurasa, asije akamsingizia mwandishi. Upande wa kushoto aweke kinachomkera. Cha mkunga alininakilia sura nzima neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri kweli, nikamrudishia. Akalitupa daftari chini ya ubao! Nikamwacha. Nilimpiga marufuku kuandika "jasiri" na "shujaa". Usiniambie mtu alikuwa jasiri, niambie alifanya nini siku ile, jina la kumpa nitalitafuta mwenyewe.

Na kuna maneno niliyomwambia ayaogope kuliko mbwa wa jirani: "miaka ikapita". Mwandishi akikuambia miaka ikapita, weka kidole hapo, mwanangu, usigeuze ukurasa. Miaka haipiti yenyewe. Kuna mtu aliamka akawasha moto, akafua, akabeba, akangoja, mpaka ikapita, na mtu huyo mara nyingi hana hata mstari mmoja kitabuni. Huyo ndiye wa kumtafuta.

Basi. Baba yenu naye akaandikiwa kitabu cha maisha yake. Sina ubaya nacho, mtu aliyejenga kiwanda ana haki ya kusimuliwa, na aliyekiandika amelipwa akaandika alivyoambiwa. Nakala yangu niliiweka juu ya kabati bila kuifungua, kwa sababu najijua. Ni mtoto aliyeishusha, akaisoma nilivyomfundisha, kidole juu ya mstari. Na siku moja alasiri akaja na kitabu na daftari, akavilaza juu ya ubao wangu wa pasi. Ukurasa wa thelathini na moja unasema hivi, na mimi sasa naujua kwa moyo: "Dada yake hakupenda shule, akachagua kazi ya nyumbani. Miaka ikapita, kijana akahitimu." Lakini ukurasa wa kumi na nane kuna picha ya shule yetu ya zamani, baba yenu wa pili kutoka kushoto, na mbele kabisa kuna msichana ameshika kitabu cha zawadi ya kwanza kwa kusoma, hakuandikwa jina. Kiherehere akaitazama ile picha, akanitazama mimi, akaitazama tena, kisha sikio langu hili lililokatika ncha, sawa na la msichana yule. Akaniuliza, "Shangazi, huyu ni wewe. Kama hukupenda shule, zawadi uliipataje?"

Nikamwambia: swali la kitabu huulizwa mwenye kitabu. Ndiyo, nilisema hivyo! Wale mnaonong'ona kwenye korido kwamba shangazi ndiye kamtuma mtoto, kama huko ni kutuma, basi nimemtuma, nifungeni.

Siku ya kukizindua kitabu, ukumbi umejaa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe nilivyovipiga pasi mimi, msemaji akauliza kama kuna mwenye swali. Mtoto akasimama, akasalimu kwa adabu, shikamoo baba mkubwa, shikamooni wote, akauliza swali lilelile aliloniuliza mimi: kama shangazi hakupenda shule, zawadi ya ukurasa wa kumi na nane aliipataje. Watu wakacheka kwanza. Kisha wakaanza kufungua nakala zao, ukasikia karatasi tu ukumbi mzima. Baba yenu akasema mtoto huyu ana kiherehere, atolewe nje. Akatolewa. Na tangu siku hiyo amri ni ileile: apige magoti mbele ya ukoo, daftari lichomwe, la sivyo baba yenu, anayemlipia shule, anaondoa mkono wake.

Mnasema amemvunjia mkubwa heshima. Heshima gani hiyo ya kuvunjwa na swali la mtoto wa miaka kumi na mitatu? Basi ilikuwa na ufa tangu dukani.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hili sijawahi kulisema na sitalisema tena. Nilipenda shule. Niliipenda mpaka nilikuwa nafika kabla ya mwenye funguo. Baba yetu, naye dobi, alipougua mgongo, kitinda mimba hajazaliwa bado, akasema mtoto mmoja atasoma na mmoja atashika pasi, na mimi nilikuwa na mikono yenye nguvu, na yeye alikuwa mvulana, yakaisha. Nilipinga, nikalia, nikakataa kula, nikashindwa. Sikuchagua. Nilitolewa. Pasi sijutii, pasi imenilisha na imenipa duka lenye wafanyakazi sita na wateja wanaoniamkia barabarani, na kumsomesha ndugu yangu sijutii pia, wala sidai asante, wala shilingi. Lakini kuambiwa sikupenda! Mtu akichukua ng'ombe wako, achukue. Asije kesho akasimulia kwamba ulikuwa hunywi maziwa.

Hapana, sitaki maji. Haya, nipe kidogo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kitabu kile kina mambo ya kweli, na mtoto aliyaona kabla yenu. Kuna sura ya boila ilipopasuka kiwandani, watu wote wanakimbia nje, na baba yenu anafunga shati lake puani anaingia ndani kumtoa mlinzi aliyezirai. Mwandishi ameimaliza kwa aya moja, amekimbilia kwenye picha za mawaziri. Kiherehere ameiandikia kurasa mbili. Ameuliza mlinzi alikuwa mzito kiasi gani, sakafu ilikuwa na moto kiasi gani, kwa nini baba mkubwa haonyeshi kovu lake mkononi. Chini ameandika, nami nilimruhusu: "Mimi ningekimbia." Mngeomba kulisoma daftari badala ya kuomba kiberiti, mngejua kwamba katika ukumbi ule wote hakuna aliyemsoma mtu huyu kwa mapenzi kama huyo mliyemtoa nje. Wenye kupiga makofi hawakufika hata ukurasa wa kumi.

Kwa hiyo mali. Mwanasheria ameshaandika, mashahidi ni fundi cherehani wa jirani na muuza magazeti, msijisumbue kutafuta mwanya. Duka na nyumba ni vya binti. Mpaka atakapokua, atakayeendesha ni mama mpiga pasi wangu mkuu, na vyumba viwili vya mbele vitapangishwa, kodi iende shule, moja kwa moja, isipitie mfukoni mwa mtu. Ndugu yangu, mkono wako uondoe ukipenda, mwingine upo. Mhasibu, nilisikia unataka kufungua duka la simu hapa. Pole. Wewe urithi wako ni kukagua hesabu za dobi kila mwezi bila malipo, na usicheke, nimekuamini. Daktari wa meno, chukua kile kiti changu cha kuegemea, kwa kuwa wewe peke yako ulikuwa unakuja kukikalia bila kuniomba kitu. Sanduku la vitabu halitoki humu. Watoto wenu wakitaka kusoma waje, wakae sakafuni, Kiherehere awaulize maswali, na msije kunilalamikia kaburini.

Mimi mnizike bila hotuba ndefu. Na kwenye tangazo msithubutu kuandika kwamba nilikuwa mnyenyekevu.

Wewe pale mlangoni sasa. Sogea niione sura yako. Leo sikuiti Bosi kama wanavyokuita, nakuita nilivyokuita nikikuosha uso asubuhi ya shule: mdogo wangu. Mtoto aliuliza swali la haki, na unaweza kulijibu kwa neno moja, mbele yangu, masikio yangu yangali yanafanya kazi. Dada yako alipenda shule, au hakupenda?

Tunangoja.

Tunangoja, mdogo wangu. Mimi ndiye mwenye haraka hapa, na bado nangoja.

Haya. Anakwenda wapi? Msimshike. Nimesema msimshike! Huo mlango ni wangu bado, anayetaka kutoka atoke.

Binti, kalamu. Futa machozi kwanza, utaharibu karatasi. Andika: aliulizwa, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akatoka. Tarehe ya leo. Nisomee... Umeandika nini hapo mwisho? "Kwa aibu"? Kata. Aibu umeiona wewe? Uliona miwani. Andika miwani. Hata mimi ninayemjua tangu anatambaa sijui alichotoka nacho moyoni, itakuwa wewe?

Sasa chini yake ruka mistari. Ruka mingi. Hapo usiandike kitu, wala usimruhusu mtu aandike, hata ukikasirika, hata ukiwa na watoto wako. Mimi ndiye ninayekwisha. Yeye angali hai, na mtu aliye hai usimfungie kitabu.

Nishusheni. Taratibu... Mto huo utoeni. Wanangu, nimewaridhia. Nyote. Mungu awape... awape macho, na awape mdomo wa kuuliza, na asiwape... asiwape watu wa kuwafunga. Watoto wenu wawaulize mpaka mchoke. Msimpigishe magoti. Semeni tena, nisikie... Ndiyo. Hivyo.

Mbona mnatazama mlango? Nani yuko barazani? Viatu vile... hajashuka ngazi. Nasikia, amesimama tu. Msimwite. Atakuja mwenyewe, au... msimwite.

Binti. Usifunge daftari.