Jina la Bwana Harusi

Katika teksi ya Kasese kwenda Bwera, Masereka aliishusha kofia hadi kwenye nyusi. Mama aliyeketi ubavuni mwake alikuwa akimsema mwimbaji wa harusi ya jana kule Bugoye, asijue kuwa ndiye huyo aliyekaa naye.

"Bwana harusi iko Thembo, mutu anaimba jina ya mwanaume ingine, Sunday! Mulevi ule!"

"Mama, bendi iko na wimbo moja ya harusi," Masereka alisema, akiikwaruza sauti asitambulike. "Wanabadilisha jina tu. Labda alisahau."

"Na bibi harusi alisahau nini? Kusikia Sunday, akapiga vigelegele!"

Teksi ikasimama Bwera. Mama alipoliona gitaa la jirani yake likishushwa kutoka kwenye buti, akaachama. Masereka akakaza mwendo, mfukoni mwake kikaratasi chenye jina Sunday, alichoandikiwa na bibi harusi mwenyewe.