Mama Seti Hachukui Kiti Kimoja

Miaka thelathini na mmoja ameimaliza ndani ya karakana hii ya samani, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mama Seti anavua aproni. Nimeambiwa niandike wasifu wake kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwepo siku aliyoingia. Ni kweli. Mimi mnoa misumeno nilikuwepo kabla ya geti, kabla ya mashine ya kuranda, na meneja wetu wa leo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Shule niliishia darasa la tatu, lakini msumeno niliounoa mimi hauhitaji cheti, na karani anayepiga chapa ameapa kwamba hatagusa neno langu hata moja.

Alikuja kufagia. Mimi ndiye niliyempa ufagio, na nasema hivyo kwa sababu wapo wanaojidai leo kwamba wao ndio waliomwona wa kwanza. Asubuhi ile alinikuta naseti msumeno, yaani nalaza meno yake, moja kushoto, moja kulia, ili upite kwenye ubao bila kukwama. Akasogea kwenye gundi, akaambiwa asiguse, gundi haijaseti. Dereva akapiga kelele anatafuta seti yake ya spana. Mchana akaja mteja anaulizia seti yake ya makochi. Mama akaegemea ufagio, akatuuliza kama wanaume wa hapa tulirithi neno moja tu na tumeamua kulitumia kwa zamu.

Tulicheka, lakini hatukucheka muda mrefu. Kabla ya masika kwisha, neno lile alishatunyang'anya. Sisi tulilitumia kwa mbao na vyuma, yeye akalivusha geti likaenda mjini. Jumamosi alikwenda saluni kuseti nywele. Watoto wake walikuwa wacheza mpira wa wavu, basi Jumatatu tulisimuliwa seti ya kwanza mpaka ya mwisho, tupende tusipende. Mlinzi alipoibiwa radio na akasingiziwa kwamba ameiuza mwenyewe, Mama alitangaza mbele ya watu wote kwamba yule kasetiwa, na aliyemseti yumo humu humu anakunywa chai. Aliyekuwa anakunywa chai akapaliwa. Wawili wakigombana kwenye msasa, aliwaweka uso kwa uso na kuwaambia hawatoki mpaka waseti mambo yao. Walitoka wameseti.

Mara moja tu neno lile lilimshinda. Binti yake alirudi na daftari la hesabu, akamweleza kwamba shuleni wamejifunza seti tupu, seti isiyo na kitu ndani. Mama alikuja kazini amenuna kama amefiwa. Akasema hiyo si hesabu, hiyo ni njaa. Nilimuunga mkono, na bado namuunga.

Ndipo alipopewa jina. Mpaka leo wapo watoto wetu wanaodhani ni la kuzaliwa.

Toka ufagio akaenda msasa, toka msasa akaenda gundi, na toka gundi akawa mkuu wa chumba cha kuunganisha, mwanamke wa kwanza kushika chumba hicho. Walionung'unika tunawajua, wengine wamo ukumbini, nao wasijifanye wanatafuta miwani. Sheria yake ilikuwa moja. Viti vya seti moja vinatoka gogo moja. Ni ndugu wa tumbo moja, wanyonye ziwa moja, wapigwe vanishi siku moja, na chini ya kila kiti ipigwe alama ya patasi inayowatambulisha. Asiyetaka kuamini aende akaangalie chini ya kiti alichokalia.

Siku moja watu wa vanishi walichanganya watoto. Seti mbili zilikuwa zinakauka pamoja, kiti cha huku kikaondoka na cha kule, na lori lilikuwa limeshavipeleka nyumba mbili tofauti. Meneja alisema iachwe, rangi ni ile ile, wateja hawajui. Mama Seti akajibu kwamba wateja hawajui lakini viti vinajua. Siku yake ya mapumziko akamtoa dereva nyumbani, wakaenda. Nyumba ya kwanza walimpa kiti bila neno. Nyumba ya pili, kiti kilikuwa kimekaliwa na babu wa nyumba hiyo, naye akakataa kuinuka, eti mgongo wake umeshakizoea. Mama alimwamkia, akamuuliza hali, akamuuliza mazao, akakubali chai ya pili na ya tatu, na kila anapomiminiwa yeye, alihakikisha na babu kamiminiwa. Hatimaye babu akaenda uani. Aliporudi alikalia kiti halali, akaegemea, akasema unaona, mgongo umeshakizoea. Dereva anasimulia habari hiyo mpaka leo kwa machozi.

Chumba chake kimetoa mafundi wa gundi ambao hata mimi, ambaye sisifu mtu kirahisi, nawapa mkono. Viti vya ukumbi mnavyokalia sasa ni vyao. Hakuna kinacholia. Jitikiseni muone.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana wasifu unaozunguka zunguka ni kama msumeno usio na meno.

Hapa kwetu mstaafu hupewa kiti. Kimoja. Kipana, kina mikono, kina mto, mgongo umelala kidogo ili mzee apumzike. Tumepiga makofi miaka yote vikitoka getini kimoja kimoja. Fundi wetu wa kupaka vanishi alipostaafu alipewa hicho. Nilikwenda kumwona mimi na Mama Seti. Tulimkuta dirishani. Mwanawe alipita akamsalimia bila kusimama, mkwewe akapita akamfuta vumbi begani kama anayefuta kabati, wajukuu walikuwa chumba kingine wanakula. Mtu aliyekuwa akiimba kazini tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni. Alituuliza kama bado tunachanganya vanishi kwa fimbo, kisha akageukia dirisha. Njia nzima ya kurudi Mama Seti hakusema kitu, na mnajua hiyo kwake ni homa.

Basi mwezi huu meneja alipomwita ofisini ampime urefu wa mgongo kwa ajili ya kiti chake, alikataa kupimwa. Nilikuwa mlangoni, nilisikia kwa masikio yangu, na ninayaandika maneno yake kama yalivyo:

"Meneja mwanangu, kiti kimoja anapewa mgonjwa. Mimi natoka kazini, sitoki duniani. Nipe meza na viti vyake, watu waje wakae, tule, tugombane."

Meneja si mtu mbaya. Tumemlea sisi, alijifunza kutambaa kwenye maranda ya randa. Alimweleza kwa upole kwamba kanuni ni kiti kimoja, na akimpa yeye seti nzima, kila anayestaafu ataitaka.

"Na waitake," akasema Mama Seti.

Kisha akaaga kwa adabu na kumwambia kwamba ikiwa ni kile kimoja, basi ukumbi usipambwe. Yeye atapita mlango wa nyuma kama alivyoingia, na ufagio mkononi, bila hotuba na bila kwaheri. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira tungelala usingizi.

Wengi walimshauri akubali. Wakamwambia zawadi haikataliwi, wakamwambia heshima si wingi wa viti. Maneno mazuri, yangefaa kuchongwa kwenye ubao na ubao ukapelekwa jikoni kuwashia moto. Mimi sikumshauri kitu. Nilikwenda nyuma ya stoo, kwenye lile gogo pinda ambalo kila meneja aliyepita alilikataa na kila mtu amelizunguka akienda chooni. Nikaligonga. Likaitika vizuri. Nikanoa msumeno mkubwa, nikauseti mwenyewe, jino kwa jino, na niseme bila haya kwamba hakuna mwingine hapa ambaye angelipasua gogo lile likatoa mbao zilizonyooka.

Saa za kazi hatukuziiba. Tulibaki baada ya kengele, kila chumba kikachukua kiti chake, meza wakaibeba wale wanawake aliowafundisha gundi. Hatukuomba ruhusa kwa sababu mwenye kuomba hupewa jibu. Tulidhani tunamficha. Pua ya mtu aliyekaa na gundi miaka yote hiyo haifichwi. Jioni moja alipita kana kwamba amesahau mtandio, akapindua kiti kimoja miguu juu, akakitikisa, akasema mguu wa nyuma haujaseti, tuufungue tuurudie, akaenda zake. Hakusema asante. Tuliufungua, tukaurudia.

Alama iliyopigwa chini ya viti hivyo ni ufagio. Wazo langu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, wakati haya yanasomwa ukumbini, msinitafute. Najua mbele yenu kimewekwa kile kiti kipana, kimefungwa utepe. Mimi nipo nje, juu ya lori, mbele ya geti kubwa. Meza imefungwa kamba, viti vyote vimeizunguka, na kimojawapo nimekikalia mimi. Dereva tumeshaelewana. Anayeona kanuni imevunjwa na anataka kuishusha seti hii, aje aanze kunishusha mimi, nami nina uzito wa mtu aliyekataa mambo mengi maisha yake yote. Kile kiti cha utepe mpelekeeni mlinzi, anasimama mno.

Na wewe, Mama Seti, kwa niaba ya chumba cha misumeno, cha msasa, cha gundi na cha vanishi, ahsante. Ahsante kwa kutufungulia viungo tulivyovifunga kwa haraka, kwa kutugombeza mbele ya wateja, kwa kuwatetea waliosetiwa. Mlango wa nyuma nimeupigilia misumari asubuhi, kwa hiyo usijisumbue nao. Toka huku mbele, mchana kweupe, watu wakuone.

Nyumbani kwako meza isikae tupu hata siku moja. Waje wanao, waje wakwe, waje majirani wabishi, mle, mgombane, na miguu ya viti isilie. Meneja naye apande akusindikize. Nafasi ipo, na ni vyema akajionea seti nzima inavyopendeza. Mimi naja Jumapili. Kiti hiki nilichokalia usimpe mtu.