Kitenge Changu Kilinuka Sigara

Ndugu zangu muliokusanyika hapa Kashikishi, nawasalimu kwa jina la Yesu, na sifa ziwe zake peke yake! Mimi ni Mama Odile. Nilitoka Pweto, ngambo ile ya ziwa, na kwa miaka sita nimekuwa mama wa nyumba katika makao ya watoto, njia ya kwenda boma Nchelenge. Muniruhusu niseme taratibu. Sitalia. Nimekwisha kulia nyumbani.

Kazi yangu moja ilikuwa kunusa. Watoto wetu wakubwa walivuta sigara, na wengine vepu, ile sigara ya kuchaji inayovuka ziwa ndani ya mizigo ya wafanyabiashara. Kila asubuhi kabla ya chai nilipita kwenye mustari: mikono, nywele, kinywa. Aliyenuka mara ya kwanza alionywa. Mara ya pili alikatazwa mupira. Mara ya tatu, gari lilimurudisha alikotoka. Mimi ndiye niliyeomba kanuni hiyo iandikwe ukutani.

Na mimi nilikuwa ninavuta! Ndiyo, ndugu zangu, musiangaliane. Nilianza zamani, nikiuza samaki kisiwani Chisenga, juu ya baridi na njaa. Nilipopata kazi makaoni, niliomba pia kazi ya kukausha kambale wa jikoni. Kila mutu alinisifu: Mama Odile anajituma! Ukweli ni kwamba ndani ya kibanda cha kukaushia samaki, katikati ya moshi wa kuni, hakuna anayeuliza moshi mwingine umetoka wapi. Nikimunyang'anya mutoto vepu, niliiandika kitabuni, nikaifungia kabatini, halafu nikaivuta mwenyewe mpaka ikaisha chaji. Moja ilikuwa na ladha ya embe.

Hiyo ya embe ilikuwa ya Furaha, musichana wa miaka kumi na tano. Alitoka Mantapala, kambi ya wakimbizi, hakuwa na muzazi wala shangazi. Alikuwa amekamatwa mara mbili, kisha akaacha kweli. Aliacha kwa kutafuna mihogo mibichi siku nzima, mpaka tukamutania kwamba ni panya. Aliacha kabla yangu.

Mwezi wa sita upepo wa ziwa ni mukali. Asubuhi moja nilimutuma Furaha achukue samaki kibandani, nikamuona anatetemeka, nikamufunika kitenge changu mabegani. Nilifanya kwa upendo, hilo sitalikana. Lakini mutu anayevuta hasikii harufu yake mwenyewe. Mimi, pua ya nyumba nzima, sikusikia kitu! Furaha alipofika jikoni, mukuu wa makao, Ba Mulenga, alikuwa amesimama mulangoni. Yeye alisikia.

Alituita ofisini sote wawili.

"Huyu mutoto iko na harufu ya sigara," alisema. "Ni mara ya tatu. Siku ya tano gari inaenda Mantapala. Mama Odile, unasema nini?"

Furaha aliniangalia. Kitenge kilikuwa bado mabegani mwake.

"Kanuni ni kanuni, Ba Mulenga," nilijibu.

Ndugu zangu, nimesema mabaya mengi maishani, lakini neno hilo ndilo ninalolionea haya mpaka leo.

Nilimukuta Furaha chumbani akikunja nguo zake. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Mama, minajua ni kitenge yako," alisema. "Minajua tangu zamani. Lakini bakikufukuza weye, bale badogo batalala na nani? Miye niko mukubwa, nitazobelea kule, nitazoea tu."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana! Nilirudi kibandani kwa mazoea, nikawasha sigara, na mukono ukakataa kufika kinywani. Hapo nikamuita Mungu kwa sauti, mimi niliyezoea kuomba kwa maneno ya kupangwa. Nikasema: Bwana, niokoe na huu uongo kwanza, tumbako itafuata! Na amani ikaingia, sijui kuieleza namna nyingine. Nilitupa sigara motoni, nikaenda ofisini haraka kabla ujasiri haujaniishia.

Nilimwambia Ba Mulenga yote, hata habari ya vepu. Akasema, "Kawaambie watoto." Nikawaambia, wote wakiwa kwenye mustari. Mutoto mumoja mudogo akauliza kama na mimi nitapanda gari.

Sikupanda, wala Furaha hakupanda. Niliondolewa umama wa nyumba, nikalima bustani ya makao miezi mitatu, ndipo nikarudishwa. Kichwa kiliuma, nilifoka kwa kila mutu, na mara mbili nilianguka nikavuta tena. Mara zote mbili nilisema siku ileile. Kanuni ya gari ilifutwa. Sasa mutoto akishikwa na hamu anakuja kusema, na tunaketi naye, au tunamupeleka kliniki wamusaidie. Wengine bado wanavuta, sitawadanganya. Lakini hawajifichi, na hakuna aliyerudishwa.

Leo nimemaliza masika nzima bila sigara. Asante Yesu! Furaha ameketi pale, kiti cha pili. Musimuangalie sana, ana haya.

Ndugu yangu, kama kuna jambo umelifunika, mwamini Bwana, useme leo hii. Usingoje kama mimi, mpaka mutoto asiye na mutu akubali kufukuzwa kwa ajili yako.